Leza Dopla kwenye ngozi ya watu wenye afya: kipimo cha awali hakitulii, na chumvi tupu inaleta wekundu

Mchunguzi01

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya wanaopima mtiririko wa damu katika ngozi kwa ajili ya utafiti.

Tunaandaa utafiti mdogo wa dawa ya kumeza inayotarajiwa kutanua mishipa midogo. Washiriki ni wajitoleaji wenye afya, wanaume na wanawake. Kila mmoja atapata dawa halisi na dawa bandia kwa zamu, kukiwa na wiki moja katikati. Vifaa vilivyopo ni leza Dopla ya nanomita 780 yenye kihisi kimoja cha faiba, kishikio cha kihisi kinachoweza kupasha ngozi joto, mkanda wa presha unaojaa haraka na mashine ya ayontoforesi (inayosukuma dawa ndani ya ngozi kwa umeme mdogo).

Vipimo vya majaribio, kabla hata ya kugusa dawa, vinaonyesha hivi:

1. Kwenye kigasha, kipimo cha awali kinaweza kuwa PU 8 (PU ni vizio vya mtiririko vya kifaa) leo na PU 19 siku nyingine, mtu ni yuleyule. Kwenye ncha ya kidole ndiyo balaa kabisa, kinaruka kutoka 60 hadi 250 ndani ya dakika chache.
2. Mkanda ukijazwa na damu kuzuiwa kabisa, namba haifiki sifuri. Inagota kwenye 3 au 4.
3. Kwenye ayontoforesi, upande wa elektrodi hasi, chumvi tupu inaongeza mtiririko karibu sawa na nitroprusaidi, dawa ya kutanua mishipa.
4. Hatujakubaliana matokeo yaandikwe kwa PU, kwa asilimia ya kipimo cha awali, au kwa namna nyingine.

Je, tatizo ni kifaa, ni mahali tunapopima, au ni utaratibu? Na mngeambiwa mchague kichocheo kimoja tu kwa dawa ya aina hii, mngechagua kipi?

---

LezaNaNgozi

Mkuu, kifaa chako kizima. Nianze na swali la pili maana ndilo linaloeleza mengine.

Mwanga wa leza ukigonga chembe nyekundu inayotembea, masafa yake yanabadilika kidogo. Kifaa kinasoma mabadiliko hayo na kutoa namba moja: wingi wa chembe zinazotembea mara wastani wa kasi yake, ndani ya kipande cha ngozi cha takribani milimita moja ya ujazo. Kwa hiyo PU si mililita kwa dakika, na PU ya kifaa kimoja huwezi kuilinganisha na ya kifaa cha kampuni nyingine. Sasa, mtiririko ukisimama, chembe bado zinatetemeka papo hapo, na tishu nayo ina mtetemo wake. Hiyo 3 au 4 ndiyo sifuri ya kibiolojia. Kila mtu anayo, na kidogo hutofautiana kati ya sehemu na sehemu.

Angalia uzito wake lakini: kama kipimo cha awali ni 8 na sifuri ya kibiolojia ni 4, nusu ya namba unayoiita mtiririko si mtiririko. Ndiyo maana mtiririko wa chini ukiulinganisha kwa asilimia unapata vituko. Wapo wanaoitoa kwenye kila namba na wapo wanaoiacha. Mimi napenda iripotiwe pembeni kila mara, na kama utaitoa, uamuzi huo uandikwe kwenye itifaki kabla ya mshiriki wa kwanza. Ikiwa kwa mtu yuleyule inatoka 3 siku moja na 9 siku nyingine, basi kuna hitilafu: mkanda unavuja, mkono unatikisika, au mkanda umejaa polepole vena zikafungwa kabla ya ateri na damu ikarundikana chini yake.

Kabla ya kulaumu ngozi, hakikisha kalibresheni, yaani kuoanisha kifaa na kipimo kinachojulikana. Kile kimiminika chenye vitufe vidogo vya plastiki kitikise taratibu, kiache mapovu yapotee, na kiwe kimefikia joto la chumba ambalo mtengenezaji amelitaja. Mwendo wa vile vitufe unategemea joto, kwa hiyo kimiminika kilichotoka kwenye friji kitakudanganya. Kihisi kining'inie katikati bila kugusa ukuta wa chupa. Sifuri ya kifaa ipimwe juu ya kipande cheupe kisichosogea. Ncha ya faiba ifutwe kwa alkoholi, na waya usikunjwe kona kali wala kuachwa ubembee: waya ukitikisika, kifaa kinasoma "damu".

Kuhusu kidole: acha. Ncha za vidole zina njia za mkato kati ya ateri ndogo na vena ndogo, na njia hizo zinaendeshwa na neva za simpathetiki, zile zisizo za hiari zinazoamka mtu akishtuka. Pumzi moja ndefu, mlango kubamizwa, swali la hesabu, na mtiririko unaporomoka. Eneo hilo ni zuri kama unachunguza neva hizo. Kwa swali lako, baki kwenye upande wa ndani wa kigasha, mbali na vena zinazoonekana, makovu na nywele.

Hata hapo kuna mtego. Kihisi cha nukta moja ukikisogeza sentimita moja au mbili tu, kipimo kinaweza kuwa mara mbili, kwa sababu mishipa midogo haijapangwa sawasawa chini ya ngozi. Kwa ziara mbili zenye wiki katikati, weka karatasi ya plastiki angavu juu ya kigasha, chora mikunjo ya kiwiko na kifundo cha mkono na alama za asili za ngozi, kisha toboa tundu mahali pa kihisi. Ziara ya pili unairudisha ileile. Ukiweza kupata kihisi chenye faiba kadhaa za kupokea kuzunguka duara, kitumie; kinapunguza bahati nasibu hii.

Mengine ni ya chumba na mtu:

- Joto la chumba nyuzijoto 23, lisizidi wala kupungua zaidi ya 1, na kiyoyozi kisipulize upande wa mshiriki. Alale dakika 30 kabla ya kuanza, mkono ukiwa usawa wa moyo, umewekwa kwenye mto unaoushika usisogee.
- Kahawa, chai, sigara na pombe viachwe tangu jioni iliyotangulia, mazoezi mazito saa 24. Chakula chepesi kilekile saa mbili kabla, katika ziara zote mbili, na saa ya kuanza iwe ileile.
- Losheni isipakwe siku hiyo. Mshiriki aende haja ndogo kabla ya kulala. Kibofu kilichojaa kinaamsha simpathetiki na kukuharibia saa nzima.
- Kipasha joto cha kihisi kiwekwe nyuzijoto 33 tangu mwanzo wa kipimo cha awali. Ngozi ya mtu aliyeingia kutoka kwenye baridi na ya aliyeingia kutoka juani hazianzii mahali pamoja, na sehemu kubwa ya ile tofauti ya 8 na 19 nadhani imekaa hapa.

Muda wa kipimo cha awali nao. Mishipa midogo hujikaza na kulegea yenyewe takribani mara sita kwa dakika, na kuna mawimbi ya taratibu zaidi yanayochukua dakika moja na zaidi. Ukichukua wastani wa sekunde 10 unaokota kilele au bonde. Chukua dakika 10 tulivu, mshiriki akiwa kimya na macho.

Jambo ambalo hukuuliza: umesema kuna wanawake na pengo ni wiki moja. Homoni za mzunguko wa hedhi zinabadilisha mwitikio wa mishipa ya ngozi. Kwa pengo la wiki moja, wengi wao watapimwa dawa halisi katika awamu moja na dawa bandia katika awamu nyingine. Ama pengo liwe la mzunguko mzima, ama ziara zipangwe kwa siku za mzunguko wa kila mshiriki. Njia za homoni za uzazi wa mpango ziandikwe pia, zisiachwe kwenye kumbukumbu ya mtu.

---

Fundi wa Joto

LezaNaNgozi amemaliza upande wa chumba. Mimi nijibu la kichocheo kimoja: joto linalopashwa sehemu moja tu ya ngozi, lakini si kwa nyuzijoto ambazo wengi wanakimbilia.

Utaratibu wa kawaida: dakika 10 kwenye 33, kisha kipasha joto kipandishwe nusu nyuzi kila sekunde 5 hadi 42. Hiyo ni sekunde 90. Kisha unakaa hapo dakika 40. Mchoro utakuwa na sehemu tatu. Kilele cha kwanza kinakuja ndani ya dakika chache, nacho kinaletwa zaidi na neva za hisia zinazotapika kemikali zake pale pale. Halafu bonde fupi. Halafu mtiririko unapanda tena polepole na kutulia kama uwanda kati ya dakika ya 20 na ya 30, na uwanda huo kwa sehemu kubwa unategemea naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, inayotoka kwenye utando wa ndani wa mishipa (endothelia). Kilele na uwanda ni maswali mawili tofauti. Atakayewapa wasomaji wastani wa dakika zote 40 atakuwa amechanganya neva na endothelia kwenye sufuria moja.

Sasa tatizo kwa dawa yako. Kwenye 42 uwanda unakaa karibu na dari, karibu sana na mtiririko wa juu kabisa ambao ngozi hiyo inaweza kutoa. Dawa inayotanua mishipa itaongeza nini pale juu? Utaona "hakuna tofauti" na dawa ilikuwa inafanya kazi. Kwa dawa inayotarajiwa kuongeza mtiririko tumia 39. Uwanda wake unakaa karibu nusu ya dari na unategemea naitriki oksaidi zaidi kuliko ule wa 42. Tumia 42 ikiwa unatafuta dawa inayopunguza.

Baada ya uwanda wa 39, panda hadi 44 kwa dakika 20 hadi 30 upate dari ya mtu huyo, na hapo namba zako zote unaweza kuzisema kama asilimia ya dari. Usikae zaidi bila sababu. Joto likirefushwa sana mtiririko unaanza kushuka wenyewe.

Mambo yanayoharibu:

Kupima mara ya pili palepale siku ileile. Ngozi iliyopashwa saa mbili zilizopita inajibu kidogo kuliko mara ya kwanza. Kama unapima kabla na baada ya kidonge siku moja, tayarisha sehemu mbili tofauti, na ipi itangulie iamuliwe kwa kura.

Kupandisha joto kwa mkono badala ya programu. Kasi ya kupanda inaamua ukubwa wa kilele cha kwanza. Ukipanda nyuzi 0.1 kwa dakika, kilele kinaweza kufutika kabisa.

Krimu ya ganzi. Wengine wanaitumia kuzima neva za hisia. Kwa utafiti wa kutenganisha njia za mwitikio ni halali, ila sasa mshiriki hana tena maumivu ya kumwonya. Hapo usipande 44.

---

Mchunguzi01

Asante sana wakuu, hilo la mzunguko wa hedhi hatukuliona kabisa na la 39 linabadilisha mpango wetu. Maswali mawili ya haraka: kwenye 44 washiriki wengine wanasema inachoma, tuendelee au tuache? Na jaribio la mkanda wa dakika tano lina faida yoyote kwetu, au tulifute?

---

Fundi wa Joto

Joto kali linaloeleweka ni sawa. Maumivu si sawa. Kwenye fomu ya ridhaa waambiwe kwamba 44 huweza kuchoma na kwamba neno "acha" linatosha. Wewe unashusha hadi 43, na kama bado inauma unazima. Kabla ya kuanza, kihisi joto cha kishikio kihakikiwe kwa kipimajoto kingine, kwa sababu kosa la nyuzi 1 kwenye 39 halina madhara ila kwenye 44 ni jambo la malengelenge. Wekundu wa duara unaobaki saa kadhaa ni kawaida. Waambiwe kabla wasije wakashtuka nyumbani.

Mkanda: usiufute, ila usiupe kazi isiyo yake. Ufungwe juu ya kiwiko, ujae ndani ya sekunde chache hadi milimita 50 za zebaki kuzidi namba ya juu ya presha ya mtu huyo, dakika 5, kisha uachiwe mara moja. Endelea kurekodi dakika nyingine 5 au zaidi. Unaandika sifuri ya kibiolojia, kilele, muda wa kufika kilele na eneo chini ya mchoro. Kilele kiwe wastani wa sekunde chache. Ile alama moja iliyo juu kuliko zote mara nyingi ni mkono ulioshtuka mkanda ulipolegea.

Shida ni tafsiri. Watu wengi huandika kwamba jaribio hili linapima "afya ya endothelia". Kwenye ngozi, mwitikio huo unabebwa zaidi na neva za hisia na mifereji ya potasiamu ya misuli ya mishipa, na mchango wa naitriki oksaidi ni mdogo. Kama dawa yako inapita njia ya naitriki oksaidi, mkanda unaweza usione chochote na bado dawa ikawa nzuri. Ninyi utumieni kupata sifuri ya kibiolojia, pamoja na matokeo ya ziada. Ufanyike kabla ya joto, kwenye sehemu tofauti, na presha ipimwe mkono wa pili.

---

Elektrodi_Hasi

Naingia kwenye swali la tatu ambalo limerukwa.

Unachokiona kwenye chumvi tupu kina chanzo kinachojulikana: ni umeme wenyewe. Mkondo wa elektrodi hasi huamsha neva za hisia na kutoa prostaglandini (kemikali za mwili zinazotanua mishipa), mishipa inatanuka bila dawa yoyote. Hutokea zaidi upande hasi kuliko upande chanya, na mara nyingi hauonekani papo hapo bali baada ya mkondo kukatika. Bahati mbaya nitroprusaidi ni ayoni hasi, lazima isukumwe na elektrodi hasi. Asetilikolini, dawa nyingine ya kutanua mishipa kwa njia hii, ni chanya, inasukumwa na elektrodi chanya, ndiyo maana upande ule unaonekana msafi zaidi.

Kwanza hesabu kwa milikulombi, siyo kwa muda tu. Miliampea 0.1 kwa sekunde 20 ni milikulombi 2. Miliampea 0.2 kwa sekunde 10 pia ni milikulombi 2, ila ngozi haizioni sawa: mkondo mkali unaamsha ule mwitikio bandia kwa urahisi. Shusha mkondo, ongeza muda, na ugawe katika vipindi vifupi vyenye mapumziko. Chumba cha dawa (kile kikombe kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi) chenye eneo kubwa kinasaidia kwa sababu umeme unatawanyika. Itifaki iandike pia kiasi cha umeme kwa kila sentimita ya mraba, la sivyo mwenye chumba cha ukubwa mwingine hawezi kurudia kazi yenu.

Pili, kimiminika cha kuyeyushia. Maji safi yasiyo na chumvi yana ukinzani mkubwa, mashine inalazimika kupandisha volti ili mkondo upite, na ngozi inalipa. Tumieni chumvi ya asilimia 0.9 kwa dawa na kwa kidhibiti vilevile. Kidhibiti kilichoyeyushwa kwa kitu tofauti na dawa si kidhibiti.

Tatu, mikono. Ngozi ifutwe kwa alkoholi na ikauke. Nywele zikatwe kwa mkasi wala si kwa wembe, maana mkwaruzo unafungua njia ya mkato kwa umeme. Chumba kijae bila povu: povu likikaa chini, umeme wote unapita kwenye upande uliobaki na hapo ndipo watu hupata kidonda kidogo cha kuungua. Chuma cha elektrodi kisiguse ngozi. Elektrodi ya kurudishia iwekwe sentimita 10 hadi 15 mbali. Nitroprusaidi ifungwe kwa karatasi ya foili kwa kuwa inaharibika kwenye mwanga, na iliyobadilika rangi itupwe.

Baada ya yote hayo, bado weka sehemu ya chumvi tupu kwa kila mshiriki, elektrodi ya upande uleule, umeme uleule. Ikiwa bado unaona mwitikio mkubwa, mimi ningeondoa nitroprusaidi kwenye mpango na kubaki na asetilikolini peke yake kando ya joto. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za kundi hilo ziachwe wiki moja kabla. Asetilikolini nayo sehemu ya kazi yake kwenye ngozi inapitia prostaglandini, kwa hiyo kidonge kimoja cha kichwa kinaweza kubadilisha jibu.

---

Mama Takwimu

La nne sasa. Msitumie asilimia ya kipimo cha awali.

Mfano kwa namba zenu wenyewe. Mtu akitoka 8 akafika 40, ameongeza 32, asilimia 400. Akitoka 19 akafika 51, ameongeza 32 zilezile, asilimia 168. Hamjapima tofauti ya dawa, mmepima tofauti ya mahali pa kuanzia, ambayo tayari mmesema haitulii.

Tumieni upitishaji wa mishipa: PU gawanya kwa wastani wa presha ya ateri. Presha ikiwa 120 kwa 75, wastani ni 75 jumlisha theluthi ya 45, yaani 90. PU 18 inakuwa 0.20. Kwa dawa ya kutanua mishipa hili si hiari. Dawa ikishusha presha ya mwili mzima, PU inaweza kubaki palepale huku mishipa ya ngozi imefunguka kweli. Presha ipimwe katika kila hatua, isiwe mara moja asubuhi.

Kisha upitishaji huo mnaweza kuuandika kama asilimia ya dari ya 44 kama alivyosema Fundi wa Joto, lakini kwa masharti mawili: dari ilifikiwa kweli, na dawa haiigusi dari yenyewe. Kwa hiyo jedwali liwe na namba ghafi za dari kwa siku zote mbili. Dari ikibadilika kati ya dawa halisi na bandia, asilimia hazina maana tena.

Uchambuzi: badilisheni namba kuwa logi, maana mtawanyiko unakua kadiri wastani unavyokua. Modeli iwe na dawa, kipindi, mpangilio wa zamu, na mshiriki kama athari nasibu, kipimo cha awali kikiingia kama kigezo cha kurekebisha. Sehemu tatu kwenye mkono mmoja si washiriki watatu. Hili naliona mara nyingi mno: watu 10, sehemu 3, halafu kichwa cha jedwali kinasema n = 30.

Idadi ya washiriki inategemea mtawanyiko wa tofauti ndani ya mtu, si kati ya watu. Tuseme kwenye logi mkengeuko sanifu wa tofauti hizo ni 0.30, na mnataka kuona badiliko la uwiano kutoka 1 hadi 1.25, ambalo kwenye logi ni 0.223. Kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuliona badiliko hilo na kiwango cha 0.05 pande mbili: 7.84 (namba inayotokana na uwezo na kiwango hicho) mara 0.09 gawanya kwa 0.0498, mnapata 14.2. Ongezeni wawili kwa sababu sampuli ni ndogo, mfike 17. Zamu zinataka namba shufwa, kwa hiyo 18. Wekeni na wa akiba. Sasa mkengeuko ukiwa 0.60 kwa sababu chumba hakitulii na kihisi kinahamahama, hesabu ileile inatoa 57. Ile karatasi ya plastiki yenye tundu ni rahisi kuliko washiriki 40 wa ziada.

Na anayechagua dirisha la dakika tano kwenye mchoro asijue ziara ipi ilikuwa ya dawa. Kuna nafasi nyingi sana ya kuchagua dakika nzuri.

---

Pikseli

Nyongeza kwa atakayesoma mada hii akiwa na bajeti ya kamera. Kamera ya madoadoa ya leza inaona sentimita nyingi za mraba kwa pamoja na kwa haraka, kwa hiyo tatizo la nukta moja linapungua sana na vipimo vinarudiwa vizuri zaidi. Gharama yake ni kina: inaona tabaka la juu zaidi kuliko leza Dopla, takribani sehemu ya tatu ya milimita. Umbali kutoka kwenye ngozi uwe uleule kila ziara, kamera itazame wima, na kipande kidogo cha plasta isiyopitisha mwanga kibandikwe pembeni ya eneo la kupima. Kinachosomwa juu ya plasta ni mtikisiko tu, na unaweza kukitoa kwenye kipimo cha ngozi.

Kuhusu rangi ya ngozi, kwa nanomita 780 melanini hufyonza mwanga kidogo kuliko kwenye mwanga mwekundu wa leza za zamani, lakini mwanga unaorudi bado hupungua kwenye ngozi nyeusi sana. Kama kifaa kina kipimo cha mwanga unaorudi, kirekodi na uweke kiwango cha chini cha kukubalika. Kulinganisha mtu na yeye mwenyewe, kama mnavyofanya, kunaondoa sehemu kubwa ya shida. Kukadiria wekundu kwa macho kwenye ngozi nyeusi, hapana.

---

Mchunguzi01

Shukrani kubwa. Mwenzetu mmoja anapendekeza kapsaisini (kemikali ya ukali wa pilipili) badala ya ayontoforesi. Ina maana kwetu?

---

Elektrodi_Hasi

Kama dawa yenu haigusi CGRP, kemikali ya neva inayotanua mishipa, hapana. Kapsaisini huamsha kipokezi cha TRPV1 kwenye neva za hisia, neva zinamwaga CGRP na mishipa inatanuka. Ni kipimo kizuri cha dawa za kipandauso zinazozuia CGRP au kipokezi chake: mtiririko ukishindwa kupanda, unajua dawa imefika inapotakiwa. Hutumika mikrogramu 1000 kwenye mikrolita 20 za myeyusho wenye ethanoli, ndani ya pete ya mpira kwenye kigasha, na picha ya leza Dopla inachukuliwa kabla na kila dakika 10 hadi nusu saa au zaidi. Pete moja huwa ya myeyusho mtupu. Pete zisikaribiane, wekundu wa moja usije ukaingia kwenye nyingine. Wapo watu wazima wenye afya ambao ngozi yao haijibu vya kutosha. Hao hutambuliwa kwenye uchujaji, kwa kigezo kilichoandikwa mapema. Glavu ni lazima, na mikono isifike machoni.

Kwa dawa ya kutanua mishipa kwa jumla, hiyo itawaongezea kelele. Bakini na 39.

---

LezaNaNgozi

Niongeze moja kabla hamjaenda kamati ya maadili: andikeni sasa kanuni ya kutupa rekodi. Kwa mfano, kipimo cha awali kikipanda au kushuka mfululizo dakika zote 10, mnasubiri dakika 10 nyingine na kurudia mara moja. Ikishindikana ziara inaahirishwa. Joto la chumba likitoka nje ya mipaka, vivyo hivyo. Mtikisiko wa sekunde chache unakatwa na sekunde zilizokatwa zinahesabiwa. Na kihisi kikibanduka katikati ya uwanda, msikirudishe mkaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea: hakirudi kwenye mishipa ileile, na kipimo cha awali cha dakika 40 zilizopita si chake tena.